Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu rangi, usawa na shule ya msingi ya watoto wetu hapa Louisville

Kwa msionijua, mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja yuko la pili mwingine la nne, shule ya msingi ya serikali hapa Louisville, Kentucky. Kwetu Kigoma. Wengi mnaoniandikia ni Wakongo mliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu kwa hiyo tumekunywa maji ya mkoa mmoja, na wengine Warundi, Wakenya, Wabongo wenzangu. Nimeingia kwenye kamati ya wazazi ya usawa mwaka wa tatu huu, silipwi, si mwanasheria, nina mdomo tu. Maswali nimeyatoa kwenye simu, mengine yalikuja kwa voisi saa tano usiku, mengine mmeniuliza pale tunaposubiri basi la shule baridi inakata masikio, kwa hiyo nimeona niandike mara moja yakae sehemu moja.

Watoto wa miaka sita wanajua nini kuhusu rangi? Si ndo tunawafundisha wasiyoyajua?

Wanayajua jamani, tena mapema. Miaka ya 1940 kulikuwa na wanasaikolojia wawili Weusi, mke na mume, Mamie na Kenneth Clark, wakawa wanawaonyesha watoto wadogo midoli, mmoja mweupe mwingine wa kahawia, halafu wanawauliza yupi mzuri, yupi mbaya, na mwisho kabisa yupi anafanana na wewe. Watoto wengi Weusi walishasema mzuri ni yule mweupe, sasa wakifika kwenye hilo swali la mwisho wengine walilia, wengine walitoka chumbani mbio. Utafiti huo ulipelekwa hadi Mahakama Kuu ya Marekani.

Mi mwenyewe binti yangu alipokuwa kindagateni alirudi na picha kajichora, gauni la njano, viatu vyekundu, uso rangi ya pichi kama wa mwalimu wake. Nikamuuliza mbona umejipaka hivi, akaniambia "mama krayoni ya ngozi ni hii." Hajafundishwa na mtu mbaya yeyote, kwenye boksi lao la watu wanne hakukuwa na krayoni nyingine iliyokaribia ngozi yoyote zaidi ya hiyo. Na hili ni la zamani, Crayola wenyewe walikuwa na krayoni wanaiita rangi ya mwili mpaka 1962 ndo wakabadilisha jina ikawa pichi, na 2020 wakatoa boksi la rangi 24 za ngozi. Kitu cha kwanza kamati yetu ilichofanya, kabla ya mkutano wowote mkubwa, ilikuwa kununua hayo maboksi kwa kila darasa la kindagateni na la kwanza. Hela ndogo tu. Mwalimu mmoja aliniambia siku ya kwanza watoto walikaa wanapima krayoni kwenye mkono, mmoja mmoja, wanabishana kama wako dukani.

Kwani shule hazikuunganishwa zamani? Tatizo limebaki wapi?

Ziliunganishwa kwa sheria, ila ukijua historia ya hapa hapa tulipo utaelewa kwa nini bado tunaongea. Kentucky 1904 ilitunga sheria inaitwa Day Law, kwamba mweusi na mzungu wasisome chumba kimoja, hata shule binafsi isiruhusiwe, na iliwalenga Chuo cha Berea ambao walikuwa wanawasomesha pamoja. Ikakaa hivyo miaka na miaka. 1954 ikaja hukumu ya Brown, ile iliyotoka Topeka Kansas, majaji wote tisa wakasema shule za kutenganisha ni kinyume cha katiba. Miaka sita baadaye, Novemba 1960, Ruby Bridges, mtoto wa miaka 6, anaingia shule ya msingi William Frantz kule New Orleans amezungukwa na walinzi wa serikali kuu huku watu wazima wanamzomea, wazazi wazungu wakaondoa watoto wao, na mwalimu mmoja tu, Barbara Henry, akamfundisha peke yake mwaka mzima. Darasa la kwanza huyo. Ukiniuliza tena watoto wadogo wanajua nini nitakurudisha hapa.

Louisville yenyewe, mchanganyiko wa kweli ulisubiri mpaka 1975. Mahakama ikaamuru watoto wapelekwe kwa mabasi, wa upande wa magharibi wanakoishi Weusi waende kwa wazungu na wa huko waje huku, na namna ya kupanga nani aende mwaka gani ilitegemea herufi ya kwanza ya jina la ukoo na rangi yako, na watoto Weusi wakapangiwa miaka mingi zaidi ya kusafirishwa kuliko wazungu. Kulikuwa na fujo, askari wa akiba wakapanda ndani ya mabasi kulinda watoto. Halafu 2007 kesi ya Meredith, ya mama mmoja wa hapa ambaye mwanae wa kindagateni alikataliwa kuhamia shule fulani kwa sababu ya hesabu ya rangi, ikafika Washington, majaji 5 kwa 4 wakasema huwezi kumpangia mtoto mmoja mmoja shule kwa kuangalia rangi yake. Ndo wilaya ikageukia kuangalia mtaa, kipato na elimu ya watu wa mtaa huo.

Sasa wewe umekuja umepangishwa apatimenti na shirika, hukuchagua mtaa, mwanao kaingia shule ya mtaa huo. Hiyo historia yote niliyokuandikia imekaa kwenye anwani yako.

Kwenye fomu ya kuandikisha wameuliza rangi. Mwanangu si Mmarekani mweusi, niweke nini? Naweza kuacha?

Swali hili nadhani nimelijibu mara mia. Kile kisanduku cha Mweusi kimeandikwa hivyo lakini maana yake kiserikali ni mtu mwenye asili ya makundi ya watu Weusi wa Afrika, kwa hiyo Mbembe, Mfuliru, Muha, Mkikuyu, wote mmo humo. Kama familia ina mchanganyiko, mfano baba Mswahili wa Unguja mwenye damu ya Oman, unaruhusiwa kuweka alama zaidi ya moja.

Ukiacha wazi wanaweza kumjazia wenyewe kwa kumwangalia, mimi sipendi hilo. Na kuna faida ya kuhesabiwa ambayo wengi hamuijui, soma swali linalofuata taratibu.

Umesema tusiishie kwenye usiku wa tamaduni. Kwani ubaya wake nini?

Hauna ubaya, pilau yangu inaisha dakika ishirini, naipenda ile siku, watoto wanavaa vitenge, wanacheza, mwalimu wa muziki mwaka jana alikuja na ngoma yake. Ila nikwambie kilichonifumbua macho. Mwaka wangu wa kwanza ule usiku ulijaa, tulikuwa wazazi wa Kiswahili labda arobaini, tumepika tangu asubuhi. Alhamisi ya wiki ileile kulikuwa na mkutano wa baraza la shule, nikaenda kwa bahati tu kwa sababu niliacha sufuria langu jikoni kwao, nikapita koridoni nikaona mlango uko wazi. Watu sita mezani. Wanajadili hela za msaidizi wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, aendelee au hela iende kwenye kitu kingine. Watoto wetu hao wanaoongelewa! Na chumbani hakuna hata mmoja wetu, ni mimi nimesimama na sufuria.

Sasa baraza hilo, kwa herufi wanaliita SBDM, si PTA, kile chama cha wazazi na walimu, msichanganye. Lilizaliwa na sheria ya elimu ya 1990, baada ya mahakama kuu ya Kentucky kusema 1989 kwamba mfumo mzima wa shule za jimbo unakiuka katiba kwa jinsi wilaya maskini zilivyoachwa nyuma. Wanakaa mwalimu mkuu, walimu watatu, wazazi wawili. Na hapa ndo nilipowaambia kuhesabiwa kuna faida: shule ikiwa na asilimia 8 au zaidi ya wanafunzi wasio wazungu, na kwenye baraza hakuna hata mmoja wa kundi hilo, mwalimu mkuu analazimika kisheria kuitisha uchaguzi mwingine wapatikane mzazi mmoja na mwalimu mmoja wa kuongezea. Hiyo si hisani.

Anayepiga kura ni mzazi yeyote mwenye mtoto shuleni, hata mlezi mwenye karatasi za ulezi, huhitaji kuwa umelipa uanachama wa PTA. Ukichaguliwa kuna mafunzo ya saa 6 na watakagua rekodi yako ya jinai, nawaambia mapema msishtuke. Usiwe mfanyakazi wa shule hiyo wala ndugu wa mfanyakazi. Na hata usipogombea, vikao viko wazi, unaingia unakaa. Sheria ya 2022 ilipunguza nguvu zao kidogo, mambo ya kumteua mwalimu mkuu na mtaala yakaenda kwa msimamizi wa wilaya, ila bado wanagusa mengi, ratiba, nidhamu, matumizi ya hela za shule.

Kura za wazazi mwaka ule nilioingia zilipigwa kidogo mno. Kundi letu la WhatsApp peke yake lingeweza kumchagua mtu. Nawaachia hapo.

Sijui Kiingereza. Nitaenda kusema nini?

Utasema kwa Kiswahili. Shule inayopokea hela ya serikali kuu haina ruhusa kukubagua kwa asili yako, hiyo ni sheria ya haki za kiraia ya 1964, na 1974 kesi ya Lau, ya wanafunzi Wachina wa San Francisco, ikasema kumkalisha mtoto darasani asiloelewa lugha yake bila msaada ni kumnyima elimu. Kwa mzazi maana yake ni kwamba mambo muhimu lazima uyapate kwa lugha unayoielewa na mkalimani ni bure. Omba siku chache kabla. Sema au andika hivi tu: nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Kama lugha yako ya ndani ni Kibembe au Kinyamulenge na Kiswahili kinakupiga chenga, taja hiyo lugha.

Mkalimani wa simu mara nyingine anaongea Kiswahili cha Mombasa safi mpaka mama wa Uvira anabaki anaitikia tu "ndiyo, ndiyo." Usiitikie. Sema sijaelewa, omba mwingine, hawachukii.

Na tafadhali, tafadhali, mtoto asitafsiri kikao kinachomhusu mwenyewe. Nilikuwepo siku moja, mwalimu kaongea dakika tano nzima, kijana hafanyi homuweki, anasukuma wenzie kwenye foleni ya lanchi, ameshaonywa mara tatu. Mtoto akamgeukia mama yake akasema, "anasema najitahidi." Mama akamshukuru mwalimu kwa mikono miwili. Mi nilikuwa nimekaa nyuma yao nauma mdomo nisicheke, ila nilipofika kwenye gari sikuwa nacheka tena.

Mwanangu wamembadilisha jina. Ni jambo la kulalamikia kweli?

Kweli. Kuna jirani yangu alipigiwa simu, sauti ya kizungu, "wewe ni mama yake Ace?" akasema hapana umekosea namba, akakata. Wakapiga tena, akakata tena. Mtoto alikuwa na homa yuko kwa nesi anasubiri. Jina lake la kweli lina silabi nne, la kumsifu Mungu, mtu wa Kiswahili halimshindi hata amelala, ila mwalimu aliona refu akalikata na mtoto akanyamaza, si ndo hivo, mgeni anakubali chochote.

Njia nzuri niliyoona: siku ya kwanza mwandikie mwalimu jina limegawanywa vipande, na mtumie voisi fupi ya mtoto mwenyewe akilitaja. Walimu wengi wanashukuru kabisa, wanaona aibu kuuliza mara ya nne. Mtoto akiamua mwenyewe anataka kifupi, hilo lake.

Nywele je? Tuliambiwa rasta si nadhifu.

Nani kawaambia? 2016 sekondari moja ya hapa mjini ilitoa kanuni za mavazi zilizokataza rasta, twisti na kusuka mistari, yaani hata twende kilioni ya bibi yako ingekuwa kosa. Mwanasiasa wa hapa Attica Scott akaiweka mtandaoni, wazazi wakawaka, kanuni ikasimamishwa. California ilikuwa jimbo la kwanza kutunga sheria ya kulinda nywele zetu, 2019, na majimbo mengine mengi yamefuata. Ukiambiwa kitu kuhusu nywele za mwanao omba waonyeshe kilipoandikwa. Mara nyingi hakijaandikwa popote.

Dogo lingine, wenzao kuwashikashika nywele. Mfundishe binti yako sentensi moja ya Kiingereza ya kukataa na amwambie mwalimu. Inatosha kwa darasa la pili.

Wanaomcheka mwanangu si wazungu, ni Weusi wa hapa hapa. Wanamwita Mwafrika kama tusi. Usawa gani huo?

Hili linauma, nimelipitia na wa la nne. Wanamuuliza kama nyumbani tuliishi na simba, wanaigiza lafudhi yake. Mimi nilitaka kwenda kuwafokea wazazi wao, mume wangu akanizuia, kumbe vizuri. Nilipokutana na mama wa mmoja wao, kumbe bibi wa huyo mtoto alikuwa kwenye yale mabasi ya 1975, karushiwa mawe akiwa mtoto. Tukaongea saa nzima kwenye maegesho. Alikuwa hajui hata kidogo kwamba mwanae anasema vile, akanambia na yeye shule walimfundisha Afrika ni nyumba za nyasi na njaa basi.

Na sisi tuseme ukweli. Majumbani mwetu watoto wanasikia "usije ukawa kama hawa Weusi wa hapa," wavivu, wahuni, sijui nini. Mtoto anayabeba anakwenda nayo shule kwenye begi. Haya makaratasi ya haki tunayotembea nayo, hiyo 1954, hiyo 1964, waliyapigania wao, wakapigwa wao. Hata PTA, wakati PTA ya wazungu inawafungia nje kule Kusini, mama mmoja wa Atlanta, Selena Sloan Butler, akaanzisha ya kitaifa ya wazazi Weusi 1926, na hazikuungana mpaka 1970.

Kuhusu kuchekwa kwenyewe: ripoti kwa mwalimu kwa maandishi, na tarehe. Kudhihakiwa kwa sababu ya nchi unayotoka ni ubaguzi hata kama anayedhihaki ana rangi kama yako, shule haiwezi kusema ni utani wa watoto ikaishia hapo.

Na ukabila wetu wenyewe?

Upo. Kuna watoto wa Kinyamulenge na wa Kibembe darasa moja, wazazi hawasalimiani kituo cha basi kwa sababu ya yaliyotokea Kivu Kusini, na watoto walikuwa marafiki mpaka wakaambiwa nyumbani wasiwe. Shule haioni kitu, kwao wote ni Wakongo tu. Sina dawa ya hili, nimekwama. Kwenye kamati tuliwaomba wasiwapange wakalimani bila kuuliza mzazi kama yuko huru na mtu huyo, imesaidia kidogo.

Mwanangu anaadhibiwa kila wiki. Ni ubaguzi au ni mtundu?

Inaweza kuwa vyote viwili. Takwimu za wizara ya elimu za mwaka wa shule 2017–18 zinaonyesha wanafunzi Weusi walikuwa kama asilimia 15 ya wote nchini, lakini asilimia 38 ya waliosimamishwa shule. Hata chekechea, asilimia 18 ya watoto, 43 ya waliosimamishwa. Chekechea! Mtoto wa miaka minne anasimamishwa afanye nini nyumbani, atafakari?

Angalia neno lililoandikwa kwenye fomu. Kosa la kuonekana, kampiga mwenzie, kavunja kitu, hilo linajulikana. Ila ukiona "dharau," "ukaidi," "kuvuruga," uliza ilikuwaje hasa, alisema nini, alikuwa amekaa wapi. Watoto wetu wamefundishwa kutomtazama mkubwa machoni, ndo adabu kwetu, hapa mwalimu anamwambia niangalie na yeye anainamisha kichwa zaidi, inaandikwa dharau. Nimeona fomu ya namna hiyo kwa macho yangu. Tulivyomweleza mwalimu aliichana mbele yetu, akaomba tuje kuongea na walimu wengine pia, na tulienda, tukapewa dakika kumi na tano kwenye kikao chao na donati.

Una haki kuomba faili lote la mwanao, sheria ya 1974 inawapa siku 45 wasizidishe. Omba. Lisome na mtu.

Programu ya watoto wenye vipaji inachagua vipi? Mbona siwaoni wa kwetu?

Kwa sababu mara nyingi inaanza na mwalimu au mzazi kumpendekeza mtoto, na mzazi anayeijua hiyo fomu ni yule ambaye na yeye alisomea hapa. Kaunti ya Broward kule Florida waliamua kuwapima watoto wote wa darasa la pili badala ya kusubiri mapendekezo, na idadi ya Weusi na Walatino walioingia ikapanda kwa kiasi kikubwa, watoto ni walewale, kilichobadilika ni nani kaulizwa. Kentucky utambuzi rasmi unaanza la nne, chini ya hapo kuna orodha ya awali ya kindagateni hadi la tatu. Nenda ofisini kamuulize kaunsela: mwanangu naye mnaweza kumwangalia? Kutojua Kiingereza vizuri si kigezo cha kumkataa, kuna vipimo vya maumbo visivyohitaji maneno mengi.

Wa kwangu hakuingia, kabla hamjaniuliza. Anapenda mpira.

Siku hizi serikali imesema mambo ya usawa yamepigwa marufuku, si mtafungwa?

Hatufungwi. Tangu Januari 2025 kuna vita kubwa juu ya programu zinazoitwa DEI, yaani za utofauti, usawa na kujumuisha watu wote, amri za rais, barua za wizara, mahakama zinasimamisha, wanakata rufaa, mi nimeacha kufuatilia kila siku nitapata presha. Kilichobadilika kweli ni kwamba ile ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya elimu, ya kupeleka malalamiko ndani ya siku 180, mwezi Machi 2025 ilifungiwa matawi 7 kati ya 12, kwa hiyo ukiwategemea wao utasubiri. Anza shuleni, panda wilayani, weka nakala.

Sheria ya 1964 haijafutwa. Kununua krayoni, kumwita mtoto jina lake, kuita mkalimani, kugombea baraza, hakuna hata kimoja kilichokatazwa. Shule nyingine wamebadilisha jina la kamati tu, yetu sasa inaitwa kamati ya kukaribisha familia, watu walewale, viti vilevile vya watoto vinavyouma magoti.

Kuhusu historia darasani, sheria ya Kentucky ya 2022 inaongelea namna ya kufundisha mambo ya rangi lakini yenyewe inautaja utumwa kwa jina, haijasema usifundishwe. Mwezi wa pili ni mwezi wa historia ya Weusi, ulianza kama wiki moja 1926 kwa kazi ya Carter G. Woodson. Mwaka jana tuliomba wasiishie kwa Martin Luther King, hapa ndo kwao Muhammad Ali, mtoto wa mtaa, watoto walikuwa wanalijua jina lake kama jina la uwanja wa ndege bila kujua alikuwa nani.

Sina makaratasi kamili. Nikijitokeza itakuwaje?

Mtoto wako ana haki ya kusoma bure bila kujali makaratasi, mahakama kuu ilisema hivyo 1982 kwenye kesi ya Plyler iliyotoka Texas. Shule haitakiwi kukuuliza. Ila sitawadanganya kwamba hali ya nje haitishi. Kama una wasiwasi usigombee baraza lenye alama za vidole, kaa kwenye kamati, hakuna mtu anayekukagua, au tutumie voisi tuiseme sisi. Na kwa kesi yako binafsi muulize mwanasheria wa uhamiaji, usiniulize mimi.

Mzungu jirani yangu ananiuliza kama watoto wao sasa wataonewa. Nimjibu nini?

Mkaribishe kikao. Wawili wa kamati yetu ni wazungu, mmoja ndo anajua bajeti kuliko sote, na mwanae ana shida ya kusoma iliyochelewa kugunduliwa, faili lake tulilisoma pamoja mezani kwangu na chai ya tangawizi.

Kikao kijacho naweza kuja na watoto? Sina wa kumwachia.

Njoo nao. Kuna pizza, ya jibini tu hakuna nguruwe, hilo tulilipigania mwaka mzima wa kwanza. Wanakaa maktaba na mwalimu wa zamu. Saa kumi na mbili kamili jioni, na nikisema kamili sio kamili ya kwetu, manake mlango wa mbele wanafunga saa kumi na mbili na robo, ukichelewa nipigie nije nikufungulie wa jikoni. Na kama kuna mtu alichukua sufuria langu kubwa lenye mfuniko wa bluu, lile la pilau, nalitafuta bado.